Yaya Marthe na Mwisho wa Koti la Njano

Mchungaji, wazee, mama zetu wa Lubumbashi, jamaa wa ushirika wa Wakenya, majirani wa Troyeville, na ninyi mliokosa nafasi mkasimama nje na baridi hii ya Juni, naomba radhi kabla sijakosea, kwa maana historia hii nitaisimulia vibaya, na huo si unyenyekevu, ni taarifa, mtu pekee katika jiji hili aliyejua kusimulia jambo likakaa ni huyu tunayemsindikiza, ninyi mmebaki na mimi Barasa, shemeji yake, niliyefunzwa kazi ya jukwaani kule Nakuru katika michezo ya kuchekesha, ambako ukisahau maneno unakosea kiti makusudi, unaanguka, watu wanapiga makofi, lakini leo familia imehakikisha hakuna kiti karibu nami.

Kaka yangu Roy, mume wa marehemu, amenipa tarehe na kuniomba nisiziguse, nami sitazigusa, ila kabla ya kuzaliwa kwake niseme jambo moja mapema ili mjue safari hii inaelekea wapi, kwamba marehemu katika miaka yake ya mwisho hakutaka nyumba wala gari, alitaka amsikie binti yake Murielle akimsimulia kwa Kiswahili mwisho wa sinema moja ya zamani, na Murielle, anayeelewa Kiswahili chote hata kile cha kusengenyana, alikuwa hajakisema tangu utotoni.

Marehemu Marthe Ngoie Simiyu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963, Kenya, na hapo nawaona Wakenya mnageuziana shingo, tulieni, Kenya ni mtaa wa mji wa Lubumbashi, mji ambao siku hizo uliitwa Elisabethville, ni mtaa mkubwa wenye soko lake na kelele zake, na jina hilo litatuletea harusi baada ya dakika chache, akiwa mtoto wa tatu wa baba aliyefanya kazi kwenye tanuru ya shaba na mama aliyeuza samaki wakavu sokoni.

Alisoma shule ya msingi ya masista kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na shule ya ushonaji kuanzia 1975 hadi 1981, lakini mwenyewe alikuwa akisema kwamba alichokijua cha maana alikipata Jumamosi, katika ukumbi wa kampuni ya migodi, ambako familia za wafanyakazi zilionyeshwa sinema za Kimarekani zilizotiwa sauti za Kifaransa, na hasa zile za mwigizaji Adela Hartwin, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nyusi zilizoinuka muda wote kama mtu aliyetajiwa bei, ambaye marehemu alimpenda tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho bila kumwacha kwa ajili ya mwingine, jambo ambalo sisi wanaume wa ukoo huu tulilitazama kwa wivu.

Sinema hizo zilikuja kwa treni zikiwa kwenye makopo, zikioneshwa Lubumbashi zinakwenda Likasi, zikitoka Likasi zinakwenda Kolwezi, na katika kupanda na kushuka huko kopo la mwisho la sinema iitwayo Koti la Njano likapotea njiani, hivyo kila ilipooneshwa ilikatika mahali palepale, Adela ameshika koti aliloachiwa na mwanamume aliyesema atalirudia, ameliweka kwa miaka, mara mlango unagongwa, anausogelea, mkono uko kwenye kitasa, na kitambaa kinabaki cheupe, ukumbi mzima unapiga miluzi, kisha watu wanarudi nyumbani kwa miguu kila mmoja na mwisho wake, baba yake akishikilia kwamba aliyegonga ni polisi, mama yake akisema ni mke mkubwa, na marehemu akiwa katikati yao ameshikwa mikono, akiokota miisho yote.

Kuhusu kazi, kuanzia mwaka 1981 alishona, kisha akasuka nywele kwa shangazi yake, na mnamo Agosti 1996 alifika hapa Johannesburg, Januari mwaka uliofuata akapata kiti katika saluni moja karibu na Joubert Park, na tarehe 6 Machi 2004 akafungua ya kwake Troyeville, yenye viti vitatu, kimoja chake, kimoja cha rafiki yake Saida kutoka Tanga, na cha tatu cha mume yeyote aliyekuja kuuliza kama mkewe amemaliza.

Mwaka 2005 alipata, kwenye vitu vya mitumba Bezuidenhout Valley, santuri za DVD zenye sinema zote za Adela, akazileta saluni na kuwasha televisheni, ndipo ilipojulikana kwamba huku hazisemi Kifaransa bali Kiingereza, lugha ambayo marehemu alisema anaielewa kwa macho, basi akafanya alichoweza, alisuka kwa mikono na kusimulia kwa mdomo, akikumbuka sauti za Kifaransa za utotoni na kuzigeuza Kiswahili cha Lubumbashi, na pale asipokumbuka aliendelea tu, kwa hiyo wako wanawake humu ndani wanaozijua sinema hizo vizuri sana kwa namna ambayo waliozitengeneza wangeshangaa.

Hata rangi alizitoa yeye, kwa maana sinema zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini marehemu alisema gauni hili ni jekundu, pazia lile ni la kijani, na siku Saida alipouliza amejuaje kwamba lile koti ni la njano, alijibiwa bila chanuo kusimama, "Ni njano, weye hauone?", na tangu siku hiyo Saida naye akaliona la njano, na mimi pia, na hata leo nikifumba macho ni la njano.

Mtu akimuuliza ni zipi sinema bora za Adela, hakusita, aliziweka tatu, na alizipima kwa nywele zinazosukika hadi sinema iishe, ya tatu kwa ubora ikiwa Harusi ya Yaya, inayotosha mistari ya kurudi nyuma, ile ambayo watu wa Tanzania wanaiita twende kilioni, na naona leo vichwa vingi humu vimetii jina, sinema inayomhusu kijana aliyeposa binti mdogo wa nyumba akaishia kumwoa dada mkubwa wa binti huyo, na kwa Lubumbashi dada mkubwa au kaka mkubwa ni yaya, ndiyo maana hata marehemu tulimwita Yaya Marthe kwa heshima, lakini Wakenya kwao yaya ni msichana wa kulea watoto, basi wateja wa Kikenya walisikia kijana wa watu amemwacha mchumba na kumwoa mfanyakazi wa nyumbani, wakasimama na nywele nusu, mmoja akisema mama wa kijana alikuwa wapi, mwingine akisema ndiyo maana yeye haajiri, na mama wa Kikongo wakashangaa ni ubaya gani kuoa dada mkubwa, mzozo ule ukadumu hadi nywele zikaisha, na marehemu hakuwafafanulia hata siku moja, aliona ni sinema ya pili ya bure.

Ya pili kwa ubora ilikuwa Hakimu na Mjane, ya kutosha rasta nene, ambayo Adela anakaa mahakamani karibu sinema nzima bila kufungua mdomo, akiwatazama tu wanaomsingizia, na marehemu aliipenda kwa sababu kimya kile kilikuwa nafasi, alikijaza mwenyewe, Adela akitazama chini alikuwa anasema nisameheni, akitazama juu alikuwa anasema Mungu unawaona, na akimtazama hakimu usoni kwa muda mrefu alikuwa anasema, mama, ukitoka hapa usioshe kichwa siku mbili, na usilale bila kitambaa.

Na ya kwanza, ya kumalizia rasta zile ndogo ndogo zinazochukua kutwa, ilikuwa Koti la Njano, na hapa ndipo penye jambo letu, kwa maana ile santuri ilikuwa kamili, mwisho ulikuwemo, lakini kila ilipofika mkono uko kwenye kitasa marehemu aliizima televisheni na kusimulia mwisho wa kwake, na hakuurudia, aliukata kulingana na kichwa alichokishika, aliyeachwa alisimuliwa kwamba mwanamume amerudi anabubujikwa machozi, aliyechoka na mumewe alisimuliwa kwamba mwanamume alikuwa njiani kurudi akagongwa na treni, na nilipomuuliza kwa nini haangalii wa kweli akaona, alisema, "Nikiona, itabakia moja tu."

Kuhusu ndoa, Mei mwaka 1998 mteja mmoja alimleta marehemu kwenye ibada ya ushirika wa Wakenya pale Kensington, na kama ilivyo desturi yetu mgeni aliulizwa kwao ni wapi, naye akasimama akajibu kwa adabu, "Balinizala ku Kenya", yaani alizaliwa Kenya, watu wakapiga makofi, akapewa chapati mbili na kiti cha mbele, Roy akajisogeza, akauliza Kenya sehemu gani, akajibiwa pembeni ya soko, akauliza soko la wapi, akajibiwa la Kenya, na Roy, ambaye ni mhasibu na huwa haachi swali likiwa wazi, hilo aliliacha wazi, kwa sababu kwa maneno yake mwenyewe alikuwa ameshapenda na jiografia ingeweza kusubiri.

Alipiga simu Bungoma akamwambia mama yetu kwamba amepata mchumba aliyezaliwa Kenya, na hakusema uongo, walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 kanisani Kensington, na mwaka uliofuata alipompeleka nyumbani mama alimpokea kwa Kibukusu, marehemu akaitikia kwa Kiluba, wakakaa jikoni mchana kutwa wakielewana vizuri sana, na jioni mama akatuita pembeni akasema msichana ni mzuri, ana heshima, ila lafudhi yake ni ya watu wa upande wa pili wa mlima Elgon.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Murielle Nekesa, aliyezaliwa hapa Johannesburg tarehe 3 Septemba 2000, na nyumba aliyolelewa ilikuwa na Kiswahili cha namna tatu, akisema maji mama yake alimwambia sema mayi, akisema mayi baba yake alimwambia sema maji, akigeukia kwa Saida aliambiwa mtoto mzuri husema naomba maji tafadhali, na yeye kiu inamuuma, mwishowe akatoka nje akaomba amanzi kwa jirani kwa Kizulu, akanywa, na kuanzia hapo Kiswahili akakifanya lugha ya masikio tu, ukimsemesha kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika alijibu kwa Kizulu, marehemu hakumgombeza, ila nilimsikia mara moja akimwambia Roy kwamba anaye mtoto mmoja, na mtoto huyo anamjibu kama mgeni wa hoteli.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa mwaka 2016, mwaka 2021 macho yakaanza kufifia, na kufikia Oktoba 2023 yalikuwa yamezima kabisa, lakini kazi haikusimama, mikono ilijua njia, na sinema nazo aliendelea kuzisimulia kwa kusikiliza, tatizo likiwa kwamba alipenda kunogesha, kwa hiyo picha ilimtangulia, Adela ameshatoka, ameshapanda gari, marehemu bado anamliza pale mlangoni, na wateja wote waliona na hakuna aliyesema, Saida peke yake ndiye aliyekuwa akimnong'oneza, "Yaya, yule alishaondoka", naye akijibu, "Acha, nitamufikia."

Mapema mwaka huu figo nazo zikalegea, akawa wa kuingia na kutoka hospitali, na mwezi wa Aprili, siku aliyotimiza miaka sitini na miwili, alimwita Murielle akamwambia zawadi anayoitaka ni mwisho wa Koti la Njano, ule wa kweli, kwa Kiswahili, kutoka mdomoni mwake yeye, na Roy alipomkumbusha kwamba siku zote alikataa kuujua, alisema, "Sasa niko tayari kwa moja", na Murielle akajibu kwa Kiingereza kwamba baba yake atasimulia vizuri zaidi, Saida vizuri zaidi ya baba, na Kiswahili chake yeye ni cha kusikiliza, si cha kusemea, kisha akatoka barazani, na kupitia dirishani nilimwona midomo inacheza, anajaribu maneno peke yake na kuyameza.

Jumapili tarehe 4 Mei 2025, baada ya chakula cha mchana, tukiwa Roy, Saida na mimi pale nyumbani Troyeville, Murielle aliwasha televisheni bila kumtazama mtu, akakaa sakafuni mgongo umeegemea miguu ya mama yake, kama mtu anayesukwa, akaipeleka sinema moja kwa moja hadi mkono uko kwenye kitasa, na Roy akawa ameanza kufungua mdomo amsaidie, Saida akamkanyaga.

"Anafungua mlango," Murielle akasema, "Mama, hakuna mtu, ni upepo," na marehemu akauliza, "Hakuna hata polisi?", akajibiwa hapana, hakuna, "anarudi ndani, anachukua ile koti, anavaa, eish Mama, ni kubwa, mikono yake inapotea," akasita, tukamwona anatafuta neno, anapekua huku na huku, kisha akalipata, "anatoka, hafungi mlango, anahama."

Sasa ndugu zangu, kwa Kizulu kwenda ni kuhamba, mtoto aliiondoa ile b akadhani ameshafika kwenye Kiswahili, alitaka kusema Adela anakwenda zake, na kweli kwenye televisheni mwanamke alikuwa anatembea peke yake kwenye barabara ndefu, huzuni tupu, mimi mwenyewe nilishatoa leso, lakini marehemu alinyanyuka kwenye mto akauliza, "Anahama? Na vyombo?", Murielle akatazama tena akasema hapana, na koti tu, "Na kitanda anamwachia nani?", Murielle akasema kitanda hakionekani Mama, na hapo marehemu akacheka, akacheka hadi Saida akaja kumshika, na Roy, mhasibu ni mhasibu, akaona asahihishe, akasema anachomaanisha mtoto ni kwamba anaondoka, marehemu akamnyamazisha, "Roy, acha mutoto, sinema ni yake."

Kisha akamshika Murielle kichwa, akazipitia nywele kwa vidole kama anayetafuta pa kuanzia, akasema kwamba kuondoka anaondoka hata mtu aliyefukuzwa, "lakini mutu anahama juu iko fasi inamungojea," yaani kwa sababu ipo nafasi inayomngojea, akamwambia aurudishe nyuma aseme tena, na Murielle akausema tena, mara hii bila kusita, na upepo akauongeza kidogo, na yale maua pembeni ya barabara akasema ni mekundu, na hapo mimi na Roy tulitazamana, kwa sababu hakuna aliyemwambia ayape rangi.

Wiki zilizobaki zilikuwa za Kiswahili, kibovu, kitamu, wodini na nyumbani, alisimuliwa Hakimu na Mjane, alisimuliwa Harusi ya Yaya, na mama wa kitanda cha pili, Mzulu asiyejua neno, alikataa kuhamishwa chumba hadi iishe, na Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, marehemu alituacha kwa utulivu, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, na Murielle ndiye aliyenipigia simu, hakutumia Kiingereza, alisema, "Baba mdogo, Mama amehama," nami nikakaa chini kwenye ngazi za ofisi, kwa maana neno lile safari hii halikuwa limekosewa.

Jumamosi iliyofuata Saida alifungua saluni achukue viti vya msiba, akakuta wateja wanne wamekuja na wameketi, si kusukwa, walitaka kujua kama ni kweli mwisho umepatikana, Saida akamtazama Murielle, Murielle akaiwasha televisheni, akasimama pale alipokuwa akisimama mama yake, akaanza, na kabla Adela hajafika mlangoni walikuwa wameshamsahihisha watu wa nchi tatu kwa pamoja, sema mulango, sema mlango, sema lango, naye akawaambia, kwa Kiswahili, wanyamaze wasikilize, hii sinema ni yake, na wakanyamaza, hata yule aliyesema lango, ambaye tangu nimjue hajawahi kunyamaza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya macho na wa wodi ya figo, waliomhudumia bila kuchoka na waliovumilia sinema saa za kutembelea wagonjwa zikiwa zimepita, inawashukuru majirani wa Troyeville, hasa wa duka la spaza la pale kona aliyeleta mkate kila asubuhi na hakutaka kusikia neno asante, mama wa Lubumbashi kwa nyimbo, ushirika wa Wakenya kwa kutomfuta marehemu kwenye orodha ya wanachama hata baada ya kugundua ni Kenya ipi, wafanyakazi wenzake Murielle waliomshikia zamu, na Saida, aliyemnong'oneza bila kumwaibisha, tunakuomba dada yetu kile kiti usikiache.

Yaya Marthe, wewe pumzika kwa amani, usihangaike na Jumamosi ijayo, Murielle atasimulia yeye, ameshasema, na ukisikia Adela anabembelezwa na mwanamume mwenye sauti mbovu kiasi kwamba hata wewe ungehama, usimlaumu mtoto, sauti hiyo ni yangu, ameniambia wanaume wajinga wote wa sinema zile niwafanye mimi, na nilipouliza mazoezi ni lini, alinijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa kwamba mimi sihitaji mazoezi.